Kijiji Kinachojua na Kunyamaza: Maisha ya Shamba katika Riwaya ya Upelelezi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, waandishi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kuna mtihani,

Mada niliyopewa inanitaka nieleze namna mtunzi wa riwaya za upelelezi anavyochota katika maisha ya shamba, na sioni njia ya kuianza bila kumtaja mtu ambaye sote tunaoandika riwaya za aina hii kwa Kiswahili tumemkuta ametutangulia. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Baada ya shule alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Kwa maneno mengine, Bwana Msa, mpelelezi anayejulikana kuliko wote katika fasihi yetu, alikulia mezani pa mtu ambaye mchana kutwa alishughulika na habari za wakulima.

Wahakiki wamekwisha kueleza vya kutosha jinsi Bwana Msa anavyofanana na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza: kiko mdomoni, Najum pembeni yake kama rafiki wa kuuliza na kushangaa, na Inspekta Seif upande wa polisi. Hayo ni kweli na sina la kuongeza. Linalonishughulisha mimi ni zile kazi mbili za mwandishi. Mkaguzi wa afya ni mtu ambaye kazi yake yenyewe inampa ruhusa ya kupita uani, kufunua kifuniko cha kisima, kuuliza choo kiko umbali gani na maji ya kunywa, na kuona vitu ambavyo mgeni aliyekaribishwa barazani haonyeshwi. Mhariri wa jarida la wakulima naye hana budi kujua mwezi gani watu wanapalilia, mwezi gani wanavuna, na mwezi gani hawana la kufanya isipokuwa kukaa na kumtazama anayepita. Siwezi kuthibitisha kwamba Abdulla aliziona kazi hizo kama chuo chake cha upelelezi, lakini kwa mtunzi wa hadithi za mauaji sijui chuo kilicho bora zaidi.

Katika riwaya ya mjini, tabu ya mpelelezi ni uhaba wa habari. Jirani hamjui jirani, mpangaji wa chumba cha pili anajulikana kwa jina la kwanza tu, na mtu anaweza kukaa na maiti siku tatu kabla mlango haujagongwa. Mpelelezi anatembea, anahonga, anasikiliza simu, anakusanya chembe moja moja mpaka zitimie. Mtunzi aliyezoea ufundi huo akihamia kijijini hukwama mara moja, kwa sababu kijijini habari zimejaa tele. Kila mtu anajua nani amepita njia ya kisimani na saa ngapi, kikohozi cha nani kimesikika usiku, na baiskeli ya nani haikulala nyumbani. Ikiwa ni hivyo, fumbo litatoka wapi?

Jibu langu, na ndilo jambo hasa nililokuja kulisema leo, ni kwamba kujua ni kitu kimoja, na kuwa na haki ya kusema ni kitu kingine. Siri ya kijijini mara nyingi ni jambo linalojulikana na watu wengi, ila kila mmoja wao ana sababu yake ya kutolitamka: huyu ni mkwe, yule ni mdogo kwa umri, wa tatu ameishi na marehemu kwa kutaniana, wa nne ana deni, wa tano hakuulizwa. Kazi ya mpelelezi huko inakuwa ni kumtafuta mtu ambaye nafasi yake katika ukoo, umri wake na hali yake vinamruhusu kusema, kisha kumkuta mahali na wakati anaoweza kusema. Mtunzi asiyeifahamu mipaka hiyo ataandika riwaya ya mjini iliyopandiwa minazi.

Naomba hapa nimbishie kidogo Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes. Katika hadithi moja ya mwaka 1892 anamweka Holmes ndani ya treni, akitazama nyumba za wakulima zilizotawanyika mabondeni, na kumfanya aseme kwamba mashamba yale mazuri yanamtia hofu kuliko vichochoro vibaya vya London, kwa kuwa mjini mtoto akipigwa jirani anasikia, lakini huko hakuna wa kusikia. Kwa Uingereza ya nyumba iliyosimama peke yake katikati ya shamba lake, hoja hiyo inasimama. Kwa vijiji vya pwani yetu, ambako ua wangu ni ukuta wa jikoni kwako, haifai hata kidogo, na bado ninasoma miswada ya vijana ambamo muuaji anapiga watu mashoka katikati ya kijiji na hakuna aliyesikia kitu. Walisikia. Mwandishi atuambie kwa nini hawakutoka.

Nitoe mfano kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndio ulionifundisha mengi. Katika kijiji cha Waislamu, mtu akifa alfajiri, aghalabu huzikwa kabla ya jua kuchwa. Hakuna chumba cha maiti, hakuna daktari wa kuichunguza, na mpelelezi akifika kesho yake anakuta kaburi limekwisha kufukiwa na watu wamo matangani. Kuna njia ya kisheria ya kufukua kaburi, lakini ni nzito, inachelewa, na inakifungia kijiji kizima midomo. Mwandishi aliyezoea riwaya za mjini huona hapo kwamba amenyang'anywa maiti yake pamoja na ushahidi wote. Kumbe yupo mtu mmoja aliyeuona mwili ule, kwa karibu na bila haraka, akiwa na maji mkononi na akiugeuza ubavu kwa ubavu. Mtu huyo ni mwosha. Kama marehemu ni mwanamke, waosha ni wanawake, na kwa kawaida ni wale wale wachache wanaoitwa katika kila msiba. Mwosha amelikamua tumbo polepole, amesafisha chini ya kucha, amepitisha kitambaa nyuma ya masikio na shingoni. Alama ya kamba haiwezi kumpita. Jino lililovunjika jana haliwezi kumpita. Na mchanga wa pwani uliomo katika nywele za mtu anayesemekana amefia kitandani hauwezi kumpita kabisa, kwa kuwa ni yeye aliyezifumua nywele zile, akaziosha, kisha akazisuka upya.

Lakini mwosha ana amana. Dini inamtaka asitiri alichokiona kwa maiti, na watu wanamheshimu kwa sababu hiyo hasa. Anayesimulia miili ya watu haitwi tena. Basi mtunzi amepewa shahidi kamili, mwenye macho mazuri na kumbukumbu isiyo na shaka, na wakati huo huo amepewa sababu njema ya kumnyamazisha. Hakuhongwa, wala hakutishwa. Amenyamaza kwa kuwa ni mtu mwema. Katika riwaya nyingi za upelelezi shahidi hunyamaza kwa hatia au kwa hofu, na msomaji amekwisha kuzoea kumshuku kila anayenyamaza. Anapokutana na kimya kinachotokana na uadilifu, desturi yake ya kushuku inampoteza njia, na kumpoteza msomaji njia kwa haki ndiyo kazi tunayolipwa. Sura nzito kuliko zote katika hadithi ya namna hiyo haitakuwa ya kukamatwa kwa muuaji. Itakuwa ile ambamo mwanamke yule anakwenda kwa sheikh kumwuliza ikiwa alama ya kamba ni aibu ya maiti inayopasa kusitiriwa, au ni haki ya maiti inayopasa kudaiwa.

Nije sasa kwenye kazi za mikono, maana hapo ndipo mtunzi asiyejua shamba anapoumbuka upesi. Kazi za shamba na za pwani zina saa zake, na saa hizo hazidanganyiki. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi, mahali ambapo maji yakipwa mtu anaweza kufika kwa miguu. Kwa hiyo kazi inafuata bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, pwani ya Unguja maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, hata baada ya juma moja mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, tena ni maji mafu, ambayo hata yakipwa hayaendi mbali.

Tuseme sasa kwamba mwanamke mmoja ameketi mbele ya ofisa wa upelelezi aliyeletwa kutoka bara, mtu hodari, aliyezaliwa mbali na bahari. Anaulizwa alikuwa wapi saa nne asubuhi siku ya tukio. Anajibu kwamba alikuwa mwanini akifunga kamba. Wanawake wawili wanaitwa, nao wanathibitisha kwamba walimwona akishuka pwani na gunia lake. Ofisa anaandika, anafunga daftari, na msomaji anapita. Kurasa nyingi baadaye, mtoto wa chuo cha Kurani anasimulia habari nyingine kabisa na kutaja, kwa kupitia tu, kwamba usiku wa siku ile walicheza nje kwa mwanga wa mwezi wa nusu. Hapo maneno ya yule mwanamke yameanguka, kwa sababu mwezi wa nusu ni maji mafu, na saa nne asubuhi kamba zake zilikuwa chini ya maji yanayompita kimo.

Kinachonifurahisha katika mpango huu ni wale mashahidi wawili. Walijua tangu mwanzo. Kila mwanamke wa kijiji kile alijua, siku ile ile, kwamba hakuna anayefunga kamba katika maji mafu saa nne asubuhi. Hata hivyo hawakusema uongo: waliulizwa kama walimwona akishuka pwani, nao walimwona. Ofisa hakuuliza kama maji yalikuwa yamekupwa, na wao hawakuona kwamba ni kazi yao kumsomesha mgeni habari za bahari. Nakiri kwamba msomaji wa Dodoma au wa Nairobi atalalamika, na ana haki, kwa sababu kanuni ya riwaya hizi ni kwamba msomaji apewe kila alichopewa mpelelezi. Dawa yake ni kuyataja maji mafu mapema, katika sura ya pili au ya tatu, na kuyataja kama kero: bibi mmoja ananung'unika kwamba juma hili lote hana kazi, maji hayampi nafasi. Msomaji akidhani anapewa tabia ya bibi, amepewa ufunguo.

Upande wa sababu za kuua nitapita kwa haraka zaidi, si kwa kuwa ni haba, bali kwa kuwa ni nyingi mno. Shamba lina kumbukumbu ndefu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Lakini kwa mila ya huku mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliposimama ikawa ya mwingine, na mkarafuu huishi kupita umri wa aliyeupanda. Baba aliupanda, ami akauweka rehani, mtoto wa kiume akaukomboa bila kuandikishana, na sasa wajukuu wanne wanautazama ukichanua. Bara nako, Operesheni Vijiji ya kati ya mwaka 1973 na 1976 ilihamisha mamilioni ya watu na kuacha mahame kila upande, na waliorudi baadaye kudai viunga vya baba zao walikuta vina wenyewe wapya. Mabaraza ya ardhi ya vijiji, yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1999, husuluhisha kadiri yanavyoweza. Kwa mtunzi, nasihi moja tu: aombe kuyasoma madaftari ya mihutasari ya mikutano ya vijiji, pale atakaporuhusiwa. Ugomvi wote umo humo kwa mwandiko wa karani, pamoja na alama za dole gumba za waliohudhuria, na mimi nimewahi kujenga hadithi nzima juu ya dole gumba la mtu ambaye tarehe ile alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa niseme juu ya uchawi, kwa sababu kila ninapoalikwa kuzungumza swali hilo huja, na mara nyingi huja kwa kicheko. Abdulla alilikabili mapema sana. Riwaya yake ya kwanza inaiweka maiti mahali pa mizimu, na ya pili, ya mwaka 1968, imebeba jina la kisima cha Giningi, mahali ambapo Wazanzibari wote wamesikia habari zake za wachawi. Katika zote mbili anawaacha watu waamini wanavyoamini, kisha Bwana Msa anairudisha kesi kwenye mkono wa binadamu mwenye tamaa, wivu au hofu. Naona huo ulikuwa uamuzi wa busara wa kifundi, kwa kuwa jini akiruhusiwa kuua, upelelezi umekwisha. Lakini ulikuwa pia uamuzi wa kiadili, na kwa mtunzi wa leo uzito wake ni mkubwa zaidi kuliko ulivyokuwa mwaka 1960.

Tunazijua habari za vikongwe wa Usukumani na Kanda ya Ziwa kwa jumla, waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, ushahidi ukiwa ni macho mekundu. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa sababu mwanamke amepuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa umri wake wote. Serikali ina jina la kinachochochea mauaji hayo, ramli chonganishi, na chini ya ramli mara nyingi kuna shamba ambalo mtu anasubiri kulirithi. Mtunzi anayetia bibi mwenye macho mekundu katika hadithi ili msomaji asisimke, halafu asirudi kueleza moshi ulikotoka, amejiunga na wapiga ramli. Mimi humpa mganga nafasi kubwa, wala simdhihaki, kwa kuwa yeye ni mpelelezi mpinzani: watu humwambia wasichomwambia polisi, anajua nani alikuja kuaguliwa juu ya nani, na anapotupa ramli yake anasoma uso wa mteja kuliko anavyosoma mchanga. Naye pia anajua na ananyamaza, ila kimya chake kina bei.

Kuna hatari nyingine, na hiyo nitaieleza kwa kisa cha kweli kutoka Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Arthur Upfield, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya za upelelezi za nyika ya nchi ile, alikuwa kibarua kwenye uzio mrefu uliojengwa Australia Magharibi kuzuia sungura wasiingie mashambani. Alikuwa akitunga riwaya na alihitaji njia ya kuipoteza maiti isionekane kabisa, basi akawauliza wenzake, na mmoja akampa njia hiyo kutokana na kazi zao za kila siku porini. Wakaijadili jioni, kama wafanyakazi wa mbali na mji wanavyojadili chochote. Mmoja wa waliosikiliza, kijana aliyejiita Snowy Rowles, aliitumia. Alishtakiwa kwa kumwua mtu mmoja, na Upfield mwenyewe aliitwa mahakamani mwaka 1932 kutoa ushahidi juu ya mazungumzo yale; riwaya ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Kilichomwangusha Rowles ni pete ya ndoa iliyopatikana katika majivu, ambayo mke wa marehemu aliitambua. Rowles alinyongwa mwaka huo huo.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha kutisha, na wachapishaji hawakuchelewa kuona kwamba kinauza vitabu. Mimi nakichukua kwa namna nyingine. Maarifa ya shamba ni maarifa ya kazi: namna ya kuchinja, kuchoma, kuchimba, kutega, kukausha, kuua wadudu. Anayeyajua anaweza kuua bila kununua chochote. Kwa sababu hiyo, katika vitabu vyangu sitaji jina la mmea wenye sumu kwa usahihi, wala kiasi chake, hata pale mhariri anapoandika pembeni kwamba msomaji atataka kujua. Naubadilisha jani, nauhamisha msimu, na mkulima akinisuta kwamba mmea huo haupo duniani, namkubalia. Vilevile sichukui ugomvi wa mtu niliye jirani naye nikaubadilisha majina tu, kwa sababu kijiji hakisomi majina, kinasoma mambo.

Juu ya simu sina mengi. Wengine wanadhani simu ya mkononi imeiua riwaya ya kijijini, kwa kuwa sasa mpelelezi anaomba orodha ya mawasiliano na kesi imekwisha. Mwaka 2019 nchi yetu ilianza kusajili laini kwa alama za vidole, na bado laini ya bibi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu aliyeko mjini, simu yenyewe inashikwa na binti anayejua kusoma ujumbe, na chaji inapatikana dukani ambako simu saba za watu saba zimelala mezani pamoja. Orodha ya mawasiliano itamwonyesha ofisa kwamba mjukuu alikuwa kijijini siku ambayo hakuwapo. Simu imeongeza fumbo, wala haijalipunguza.

Jambo linalowashinda vijana wengi ni mahojiano. Wanaandika kama walivyoona katika filamu: ofisa anaketi, anauliza, anajibiwa. Kijijini swali la kwanza haliwezi kuwa swali. Kijana wa miaka 30, hata akiwa na sare na bunduki, akifika kwa mzee ataanza na hodi, atatoa shikamoo na kungoja marahaba, ataulizwa habari za alikotoka, za wazazi wake, za njia na za mvua, na kila jibu lake linampimia mzee ni mtu wa namna gani. Nitawasomea kipande kifupi cha muswada nilio nao, mniwie radhi kwa kujitangaza:

"Babu, usiku wa juzi ulisikia nini?"

"Mwanangu, usiku Mungu ameujaalia kulala."

"Na wewe ulilala?"

"Mtu wa umri wangu halali. Anangoja alfajiri."

Ofisa asiyejua atasema mzee amekwepa. Kwa kweli mzee amesema kwamba alikuwa macho usiku kucha, na ameiacha milango miwili wazi: ofisa anaweza kuuliza zaidi, au anaweza kuondoka na kumtuma mtu mwenye rika la kuuliza. Katika muswada wangu anauliza zaidi, kwa pupa, na mzee anageuza mazungumzo yakawa ya bei ya mbolea kwa kurasa mbili. Nimezifurahia sana kurasa hizo.

Limebaki suala la mwisho wa riwaya. Muuaji wa mjini akikamatwa, kitabu kinaweza kufungwa, maana gari la polisi limeondoka na wapangaji wamerudi vyumbani mwao. Muuaji wa kijijini akikamatwa, mama yake bado anachota maji kisima kimoja na mama wa aliyeuawa, watoto wao wanakaa dawati moja, na huenda wake zao ni ndugu. Waliojua na kunyamaza sasa wanajulikana kwamba walijua. Ndiyo maana huandika walau sura moja baada ya pingu, na nimegombana na wahariri zaidi ya mmoja wanaoiona kuwa ni mkia usio na kazi. Katika riwaya ninayoimalizia, mtu amehukumiwa, na mikarafuu yake imeiva. Karafuu hazingoji rufaa. Zisipochumwa kwa wakati hufunguka maua na thamani yake ikapotea, na mke aliyeachwa hawezi kuipanda miti yote peke yake wala hana fedha ya kuwalipa wachumaji. Kijiji kizima kinalijua hilo na hakuna anayelitaja. Sura inahusu asubuhi moja tu, nani anakwenda na pakacha lake na nani anapita njia ya mbali ili asiulizwe, na anayetangulia kupanda ni mtu ambaye msomaji amemshuku tangu sura ya nne. Sura hiyo ina kurasa 18, mhariri anataka sita, na mazungumzo yetu yanaendelea.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti akiruhusu, nitapokea maswali.